Seva zikae wapi? Chumba cha ofisini, raki ya kukodi au wingu

Seva ya zamani ikianza kukoroma, swali huwa ni lilelile: tununue mpya tuiweke palepale, tukodi raki, yaani kabati la kupangia seva, kwenye kituo cha data, au tuachane na vyuma tuhamie kwenye wingu, yaani seva za kampuni nyingine tunazozifikia kwa mtandao? Mara nyingi bei ya seva ndiyo huachiwa itoe jibu, na hapo ndipo hesabu inapopotoka. Seva ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachokula fedha ni umeme wa kuiendesha, baridi ya kuipoza, na mtu wa kuamka saa tisa usiku vyote viwili vinapokwama.

Ulinganisho huu ni kwa taasisi za ukubwa wa kati hapa Afrika Mashariki: SACCO yenye matawi sita, hospitali ya vitanda mia moja, kiwanda, chuo. Wanaotaka kujenga kituo kizima wana neno lao kuelekea mwisho. Msimamo wetu tuuseme mapema: kama vifaa vyako vinakula chini ya kilowati 10, anza na raki ya kukodi, na anayetaka chumba cha ofisini ndiye alete hoja. Hoja hizo zipo, na mojawapo ni nzito kweli.

Anza na wati

Tuchukue seva nne za wati 400 kila moja, hifadhi moja ya diski ya wati 500, na swichi mbili za mtandao pamoja na kifaa cha ulinzi wake, wati 400 kwa jumla. Hizo ni kilowati 2.5. Usisome kibandiko cha pawa saplai, maana huandika 800 au 1,100 ambazo seva haifikii hata siku moja. Pima kwa mita ya kung'ata kwenye waya wa moto, au soma ukurasa wa usimamizi wa seva yenyewe, kwa wiki nzima, uchukue kilele.

Mwezi una takriban saa 730. Kilowati 2.5 mara 730 ni uniti 1,825. Huo ni umeme wa vifaa tu. Gawanya umeme wote unaoingia kwenye mita kwa umeme wa vifaa, unapata uwiano uitwao PUE. Wastani wa dunia kwa vituo vya data, kwa tafiti za Uptime Institute, taasisi inayokagua vituo hivyo na kuvipa vyeti, unazunguka 1.6. Kituo kipya kinachoendeshwa vizuri huenda 1.5 au chini. Chumba cha ofisini chenye viyoyozi vya kawaida, hasa Pwani, ni 1.8 hadi 2.

Kwa 1.9 mfano wetu unakula uniti 3,470 hivi kwa mwezi. Kwa 1.5 ni 2,740. Tofauti ya uniti 730 zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako ya TANESCO au Kenya Power, kisha zidisha kwa miezi 60, kwa sababu seva huishi miaka mitano. Kiasi hicho kiweke pembeni, tutakihitaji.

| | Chumba chako | Raki ya kukodi | Wingu |
|---|---|---|---|
| Fedha ya kuanzia | Kubwa: seva, UPS (betri za kushika mzigo umeme ukikatika), viyoyozi, jenereta | Seva tu | Karibu hakuna |
| Bili ya mwezi | Umeme, dizeli, matengenezo | Raki, kilowati, nyaya za kuunganisha | Matumizi, kwa kawaida kwa dola |
| Gridi ikizimika | Kazi yako | Kazi ya kituo | Ofisi ndiyo hukatika, mfumo uko hai |
| Mkongo wa baharini ukikatika | Ndani ya jengo kazi inaendelea | Ndani ya nchi kazi inaendelea | Kazi hudorora au husimama |
| Kifaa kikifa | Fundi wako | Fundi wako, au wa zamu kwa malipo | Si shughuli yako |
| Kuondoka | Rahisi, ila hasara ya vifaa | Miezi 12 hadi 36 ya mkataba | Kutoa data hulipiwa kwa kila gigabaiti, ila kampuni kubwa husamehe anayehama kabisa akiomba |

Chumba cha ofisini: pazuri pa kuanzia, pagumu pa kudumu

Kinachoua vyumba hivi kwanza ni joto, na sababu ni kiyoyozi kilichonunuliwa kwa kusoma namba ya BTU. Kilowati moja ya vifaa hutoa joto la BTU 3,412 kwa saa. Ukiongeza upotevu wa UPS na joto la kuta, mfano wetu una kilowati 3.2 za kupozwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kimeandikwa kilowati 3.5, kwa hiyo mtu huona kinatosha. Hakitoshi. Kiyoyozi cha nyumbani kimetengenezwa kupoza watu, na karibu asilimia 30 ya nguvu yake huishia kukamua unyevu hewani. Kwa seva kinabaki na kilowati 2.5 hivi. Kwa mzigo huu unahitaji cha BTU 18,000, na viwe viwili: kimoja kinafanya kazi, cha pili kinasubiri, vinapokezana kila wiki kwa kidhibiti, na kile cha akiba kinawaka chenyewe joto la mbele ya raki likifika nyuzi 27.

Nyuzi 27 hazikutoka hewani. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa kupoza na hewa, ambao vipimo vyao ndivyo watengenezaji wa seva wanavyofuata, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Chumba cha nyuzi 17 kinachomfanya fundi avae sweta ni umeme unaomwagwa. Weka 24, kisha pima mbele ya seva ya juu kabisa ya raki. Kipimo cha ukutani hudanganya, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kuzunguka juu ya raki kurudi mbele. Ziba nafasi tupu za raki kwa vibao; ni kazi ya dakika kumi na mara nyingi hushusha nyuzi kadhaa pale juu.

Sasa angalia kinachotokea gridi ikizimika. UPS inashika seva, kiyoyozi kinazimika. Chumba cha mita tatu kwa tatu kina hewa ya mita za ujazo 24, na kilowati 2.5 zinaweza kuipandisha hewa hiyo peke yake nyuzi 5 kwa dakika. Kuta na vyuma hufyonza sehemu kubwa, hivyo kwa kawaida una robo saa hivi kabla ya kupita nyuzi 35. Umeme ukirudi, viyoyozi vingi havijiwashi mpaka mtu abonyeze rimoti. Ndiyo maana seva nyingi hufa Jumapili: umeme ulikatika Jumamosi usiku kwa dakika tano, ukarudi, seva hazikuhisi kitu, kiyoyozi kikabaki kimelala. Unaponunua, uliza kama kina kujiwasha chenyewe umeme ukirudi, na kijaribu mbele ya muuzaji kwa kukata breka.

Kasoro nyingine ya viyoyozi hivi ni ndogo na yenye madhara makubwa. Bomba la maji huziba kwa ukungu, maji yakarudi na kudondoka. Kamwe usitundike kiyoyozi juu ya raki, hata kama ukuta huo ndio pekee wenye nafasi.

Kwenye umeme, watu hununua UPS moja kubwa. Kama seva zako zina pawa saplai mbili, UPS mbili za kVA 3 ni bora kuliko moja ya kVA 6: pawa saplai ya kushoto kwenye UPS ya kwanza, ya kulia kwenye ya pili, na kila moja iweze kubeba kilowati 2.5 zote peke yake. Siku betri ya UPS moja ikichoka hakuna anayejua ila wewe. Ziwe za aina inayogeuza umeme muda wote, maana za bei nafuu hupitisha mtikisiko wa gridi moja kwa moja.

Betri kavu za risasi hupenda nyuzi 20 hadi 25. Kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wake karibu nusu, kwa hiyo betri iliyoandikwa miaka mitano, ikikaa kwenye kabati la nyuzi 35, ipangie miaka miwili na nusu. Zimefungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikifa msururu mzima umekufa, na skrini ya UPS itaendelea kuonyesha asilimia 100 mpaka siku ya majaribio. Betri za lithiamu zinastahimili joto na huenda miaka kumi. Bei yake ya kuanzia ni kubwa, lakini kwa Dar, Mombasa au Tanga hesabu ya miaka kumi mara nyingi huipa ushindi.

Jenereta nalo lina mtego wake. Mfano wetu, pamoja na viyoyozi viwili na kuchaji betri, hauzidi kilowati 7, hivyo la kVA 15 linatosha na kubaki na nafasi ya kompresa kuanza. Kuna anayeona jenereta la kVA 60 la bei ya kutupa kwenye mnada akafurahi. Dizeli ikiendeshwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haichomi mafuta yote. Masizi na mafuta mabichi hujaa kwenye ekzosi, na baada ya mwaka injini inatema moshi mweusi na haibebi mzigo. Kwa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, soma pia jedwali la mtengenezaji: injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa makadirio asilimia 1 kwa kila mita 100 ukipita kiwango alichoandika. Mafuta ni lita 2.5 hivi kwa saa kwa mzigo wa kilowati 6. Pipa la lita 200 ni siku tatu na kitu.

Jenereta linalokataa kuwaka mara nyingi halina ugonjwa wa injini. Ni betri ya stata iliyokufa, au mtu aliacha swichi kwenye "zima" baada ya huduma. Na lipo tatizo linalowapoteza mafundi siku nzima: jenereta limewaka vizuri, taa zinawaka, lakini UPS imekataa umeme wake na inaendelea kula betri. Masafa ya jenereta dogo huyumba, UPS inayaona si salama. Ingia kwenye mipangilio ya UPS, panua dirisha la masafa liwe hezi 45 hadi 55, tatizo huisha.

Pwani ongeza chumvi. Kondensa ya nje isiyopakwa rangi ya kinga huliwa mapezi kwa miaka miwili. Iliyopakwa, ukiiosha kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, hudumu mara kadhaa ya hapo. Kanda ya Ziwa Victoria na Kampala ongeza radi: hakikisha ardhi ina ukinzani chini ya omu 5 na weka kizuizi cha mawimbi ya umeme kwenye bodi kuu, si kwenye ekstensheni tu. Kila mahali ongeza panya, wanaopenda fiba kuliko mtu anavyodhani. Na kizima-moto kiwe cha gesi ya CO2. Cha unga kitazima moto wa seva moja na kuziua nyingine zote kwa kutu.

Baada ya yote hayo, nani ajenge? Hospitali, kwa sababu ya picha. Kipimo kimoja cha CT kinaweza kufika megabaiti 500. Kikiwa kwenye seva ya ghorofa ya chini, kwa mtandao wa ndani wa gigabiti moja, daktari anakifungua kwa sekunde tano. Kikiwa nje, kwa laini ya megabiti 20, ni sekunde 200, na hiyo ni kama hakuna mwingine anayetumia laini. Vipimo 20 kwa siku ni gigabaiti 10, zaidi ya saa nzima ya laini ikiwa imejaa pomoni. Kiwanda chenye mashine zinazosubiri amri kutoka kwenye seva kina hoja hiyohiyo. Taasisi iliyo mahali ambapo fiba ni moja na hukatwa na greda kila msimu wa kutengeneza barabara, nayo pia.

Raki ya kukodi

Ukanda huu sasa una vituo vya kweli. Nairobi kuna Africa Data Centres, iColo na IXAfrica. iColo wapo Mombasa pia. Dar es Salaam kuna kampuni iitwayo Wingu, Raxio, na kituo cha taifa cha Kijitonyama chini ya TTCL. Kampala kuna Raxio, eneo la viwanda la Namanve.

Unachokodi ni nafasi na kilowati. Nafasi ni robo, nusu au raki nzima ya 42U, yaani ngazi 42 za kupachika vifaa. Kilowati ndizo zinazopanga bei. Usikodi kwa jumla ya vibandiko vya pawa saplai, kodi kwa kipimo chako cha wiki ile, uongeze asilimia 25 ya kukua.

Kosa linaloonekana mno ni hili. Raki hupewa njia mbili za umeme, A na B, kila moja ampea 16 kwa volti 230, yaani kilowati 3.68. Mteja anaona mbili, anajumlisha, anapakia kilowati 5. Siku ambayo kituo kinazima njia A kwa matengenezo, mzigo wote unarukia B, breka inaanguka, raki nzima inazimika, na kituo hakina kosa. Njia moja ibebe mzigo wako wote bila kupita asilimia 80 ya breka, yaani kilowati 2.9. Mfano wetu wa 2.5 unaingia vizuri. Ukiongeza seva ya tano umefika mwisho, unahitaji ampea 32. Seva zenye pawa saplai moja zinahitaji swichi ndogo ya kuhamisha umeme kati ya A na B, usizichomeke upande mmoja ukaomba Mungu.

Kuhusu "Tier III": maana yake ni kwamba kila kifaa cha umeme na baridi kinaweza kutolewa kwa matengenezo bila seva kuzimwa. Uptime Institute hutoa vyeti tofauti, kimoja cha michoro, kingine cha jengo lililojengwa, kingine cha uendeshaji. Cha michoro kinasema karatasi ilikuwa nzuri. Omba kuona cha jengo. Asilimia 99.982 inayotajwa kwenye matangazo, ambayo ni saa 1.6 za kuzimika kwa mwaka, si dhamana mpaka iandikwe kwenye mkataba wako pamoja na fidia, na fidia hiyo kwa kawaida ni punguzo la kodi ya mwezi, wala si hasara ya biashara yako.

Maswali yenye faida ukitembelea kituo: dizeli iliyopo inatosha saa ngapi kwa mzigo kamili, na mkataba wa kujaziwa ukoje nchi nzima ikiwa gizani? Kenya ilizimika karibu yote tarehe 25 Agosti 2023, na siku kama hiyo kila mwenye jenereta anapiga simu kwa muuzaji yuleyule. Majenereta hujaribiwa kwa mzigo au huwashwa tupu? Kampuni ngapi za mtandao ziko ndani ya jengo, na kituo kinaruhusu zote au kinakulazimisha yake? Waya wa kuunganisha raki yako na kampuni ya mtandao hulipiwa kila mwezi, na gharama hii husahaulika mara nyingi kwenye bajeti. Fundi wa zamu wa kukubonyezea kitufe hulipwa kwa saa. Kama ofisi yako iko Mwanza na raki iko Dar, utamhitaji.

Kituo kikiwa kimeungana na kituo cha kubadilishana mtandao cha nchi, TIX kwa Tanzania au KIXP kwa Kenya, trafiki ya matawi yako haitoki nje ya nchi. Faida hii haionekani mpaka bahari ikorofike.

Wingu

Wingu linashinda bila ubishi kwa barua pepe, tovuti, mafunzo ya mtandaoni, na chochote ambacho mzigo wake hupanda na kushuka, kama matokeo ya mitihani au usajili wa wiki mbili. Pia kwa taasisi isiyo na fundi wa kuajiriwa.

Linapoumiza ni sehemu nne. Ya kwanza ni sarafu. Aliyepanga bajeti Januari 2023 dola ikiwa karibu shilingi 123 za Kenya, Januari 2024 alikuta karibu 160 kwa huduma ileile. Baadaye ikashuka hadi 129 hivi, lakini mwaka wa fedha ulikuwa umeshavunjika. Ya pili ni kutoa data. Kuingiza ni bure, kutoa hulipiwa: AWS hutoza kama senti 9 za dola kwa gigabaiti kutoka Ulaya na kama senti 15 kutoka Cape Town. Kurudisha terabaiti 2 za nakala rudufu kutoka Cape Town ni dola 300, na kwa laini ya megabiti 50 ni saa 89. Soma namba hiyo ya pili tena. Siku tatu na zaidi SACCO imefungwa, na fedha haisaidii.

Ya tatu ni umbali. Kila kilomita 100 za fiba huongeza karibu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Nairobi na Mombasa ni milisekunde 5 na kitu. Ulaya kupitia Bahari ya Shamu hupita 100. Kwa kurasa za wavuti si neno. Kwa programu ya uhasibu ya zamani, ambayo iko kwenye kompyuta ya tawi na kuuliza hifadhidata maswali 200 mfululizo kufungua skrini moja, 200 mara 100 ni sekunde 20 kwa kila mteja aliye kwenye foleni. Programu ya namna hiyo usiipeleke kwenye wingu kabla ya kuibadilisha, au ipeleke pamoja na kompyuta ya kuiendeshea ili tawi lione picha ya skrini tu. Eneo la karibu zaidi lenye huduma kamili za kampuni kubwa ni Afrika Kusini: Azure ipo Johannesburg tangu 2019, AWS Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024.

Ya nne ni mikongo. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Ajabu ni kwamba hata wenye seva ndani ya nchi wanaweza kukwama siku kama hizo, kwa sababu mfumo uko Dar lakini kuingia kwa nywila hupitia huduma iliyoko Ulaya, au jina la tovuti hutafsiriwa na seva ya nje. Ukikodi raki, weka humo pia seva ya majina na njia ya kuingia isiyotegemea nje.

Sheria, kwa kifupi

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, yenye masharti ya kusafirisha taarifa nje. Kenya ina sheria ya 2019, na kanuni zake za 2021 zinataka baadhi ya kazi za maslahi ya taifa zifanyike kwenye seva iliyo Kenya au angalau nakala ibaki nchini. Rwanda ndiyo kali zaidi: sheria ya 2021 inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani, isipokuwa umepewa cheti cha kuruhusiwa nje. Kwa hospitali na SACCO, hili peke yake linaweza kufuta safu ya wingu kwenye jedwali.

Kwa wanaotaka kujenga kituo kizima

Mombasa ina mikongo: SEACOM, TEAMS, EASSy, LION2, PEACE na mingine inatua hapo. Nairobi ina wateja na hewa. Usiku wake hushuka hadi nyuzi 12 au 15 sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kompresa zinaweza kupumzika saa nyingi, seva zikapozwa kwa hewa ya nje. Dar na Mombasa hazina anasa hiyo, unyevu hauruhusu, na mfumo wa kupoza kwa kuvukiza maji unaosifiwa kwenye vipeperushi hufanya kazi kidogo sana hapo. Naivasha ina mvuke wa Olkaria: umeme wa saa 24 usiosubiri jua wala mvua. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni moja huko, kuanzia megawati 100. Mahitaji ya kilele ya Kenya nzima yalikuwa karibu megawati 2,300 mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo kituo kimoja kingemeza zaidi ya asilimia 4. Shida ya kwanza ya mjenzi hapa si ardhi wala mtaji. Ni kituo kidogo cha kupooza umeme (substesheni) na laini mbili zinazotoka pande tofauti.

Na wimbi la akili mnemba limebadilisha raki yenyewe. Raki ya kawaida ya ofisi ni kilowati 5 hadi 8. Raki moja ya NVIDIA GB200 NVL72 ni takriban kilowati 120, na haipozwi kwa hewa peke yake, bali maji hupita hadi juu ya chipu. Ukumbi uliojengwa kwa raki 100 za kilowati 6 una umeme wa raki tano za namna hiyo. Anayejenga leo aache nafasi ya mabomba chini ya sakafu na aimarishe zege, hata kama wateja wake wa kwanza ni SACCO.

Mpangilio tunaoupendekeza mara nyingi

SACCO ya matawi sita: mfumo mkuu kwenye nusu raki, nakala rudufu kwenye wingu, ofisini swichi na UPS ndogo tu. Hospitali: picha za miezi sita kwenye seva mbili za jengoni, kumbukumbu zote na mfumo wa wagonjwa kwenye raki, seva za jengoni zikiwa na nakala ya kusoma tu ya orodha ya wagonjwa ili wodi isisimame fiba ikikatwa. Chuo: karibu kila kitu wingu, isipokuwa mfumo wa fedha.

Kama tayari una chumba na unasita kukihama, kifanyie jaribio Jumamosi asubuhi. Chukua nakala rudufu, waarifu watu, weka kipimajoto mbele ya seva ya juu, kisha kata breka kuu ya jengo. Andika: sekunde ngapi jenereta limechukua kushika mzigo, kama UPS imekubali umeme wake au bado inalia, viyoyozi vimejiwasha au vimesubiri rimoti, nyuzi ngapi baada ya dakika 5, 10 na 15. Liache jenereta libebe saa mbili kamili, kwa sababu majenereta mengi mabovu huzimika kati ya dakika ya 30 na ya 60, rejeta inapochemka. Kisha rudisha gridi, na uangalie kama swichi ya kuhamisha imerudi yenyewe. Ikifeli sehemu yoyote, usilipie ukarabati kabla ya kuiweka gharama yake kando ya ile tofauti ya uniti 730 kwa miezi 60, pamoja na dizeli na betri, na bei ya nusu raki kwa muda huohuo.